Mlima wa Ipogolo na Swali la Fundi

*Baiskeli ya umeme hupanda pale miguu inaposhindwa. Kwa anayekula kwa jasho la pedeli, uamuzi wa kuinunua hauanzii dukani.*

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Juni, baridi ya Iringa bado imelala bondeni. Ukungu umefunika Mto Ruaha Mdogo pale Ipogolo, na malori ya Tunduma yanapita barabara kuu yakiwa yamewasha taa. Muuza maziwa amevaa kofia ya sufu na koti la mvua. Kwenye keria ya baiskeli yake yamefungwa madumu mawili ya lita ishirini, yamekazwa kwa mipira ya tyubu kuukuu iliyochanwa kwa kisu.

"Kamwene," namsalimu.

"Kamwene, kaka." Anajibu bila kusimama, maana akisimama hapo kuanza upya ni kazi.

Anainuka kwenye siti, anakanyaga kwa uzito wa mwili mzima, mara saba, mara nane. Barabara inaanza kupanda kuelekea mjini. Kwenye kona ya kwanza anashuka, na kuanzia hapo yeye ndiye anayeibeba baiskeli. Mkono wa kushoto umeshika usukani, wa kulia umeshika nyuma ya siti, kifua kimeinama mbele hadi karibu na kengele. Maziwa yanagonga ndani ya madumu kila anapopiga hatua.

Kijana mmoja akatupita. Alikuwa kwenye baiskeli yenye tairi nene, begi mgongoni, miguu ikizunguka taratibu kama ya mtu anayeshuka bonde. Kilichosikika ni mvumo mdogo tu, kama wa nyuki ndani ya chupa. Muuza maziwa akamfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye kona. Ndipo aliposimama, mara ya kwanza tangu kule chini.

"Zile zinauzwaje, kaka?"

Nikamwambia kwamba hata ya bei ya chini ni mara kadhaa ya bei ya Phoenix yake. Akanyamaza, akipiga hesabu. Kisha akauliza jambo ambalo sikuwa na jibu lake.

"Na fundi wake yuko wapi?"

Hesabu ya mlima

Mtu mzima mwenye afya, akiendesha kwa muda mrefu bila kukata pumzi, hutoa nguvu ya wati 75 hadi 100 hivi. Huo ndio mtaji wa miguu aliotupa Mungu, na kwenye barabara tambarare unatosha kabisa.

Sasa tumpime muuza maziwa. Mwili wake tuuweke kilo 60, baiskeli kilo 22, maziwa na madumu kilo 43. Jumla ni kilo 125. Tuseme kutoka mtoni hadi mjini anapanda mita 100 kwenda juu. Ili auinue uzito huo kwa dakika 15 akiwa juu ya siti, anahitaji wati 136 kwa ajili ya mlima peke yake, kabla ya kuhesabu tairi linalojikokota kwenye lami. Baiskeli yake ina mwendo mmoja tu, haina gia ya kumpunguzia. Kushuka kwake pale konani si uvivu hata kidogo.

Mota ya baiskeli ya umeme, kwa kiwango kinachoruhusiwa katika nchi za Umoja wa Ulaya bila leseni wala namba za usajili, ni ya wati 250. Sheria ya huko inaitaka imsaidie mtu anapokanyaga pedeli, na iache kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Wati 250 ni sawa na kuongezewa miguu ya watu wawili au watatu.

Ukiiachia mota ibebe karibu kazi yote, na ukihesabu nguvu inayopotea kama joto, mlima ule unakula wati-saa 50 hivi. Betri ndogo ya voti 36 na amperi-saa 10 ina wati-saa 360, kwa hiyo itaupanda mara saba kabla ya kuomba chaja. Kwa mteja wa TANESCO anayelipa shilingi 350 na kidogo kwa uniti moja, ambayo ni wati-saa 1,000, kupanda mara moja ni umeme wa shilingi zisizofika 20.

> Kuupanda mlima mara moja, na madumu mawili ya maziwa mgongoni mwa baiskeli, kunakula umeme wa shilingi zisizofika 20.

Hesabu hiyo hiyo ihamishie Tabora au Shinyanga na mambo yanageuka. Huko ardhi imelala. Waendesha baiskeli wamebeba abiria na magunia kwa miaka mingi kwa nguvu ya miguu peke yake, na kwenye tambarare mota inaongeza kasi na kupunguza jasho, lakini haimwezeshi mtu kufanya jambo alilokuwa hawezi. Ndiyo sababu ninapoulizwa ipi bora, kwanza namuuliza mtu anakaa wapi.

Anayedhani mlima ni jambo dogo aende Burundi. Barabara inayotoka Bujumbura, kandokando ya Ziwa Tanganyika, inapanda milima hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Vijana hushuka nayo wakiwa na mikungu ya ndizi nyuma ya baiskeli. Wakati wa kurudi huning'inia nyuma ya malori, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye chuma cha lori, na wengine hawafiki nyumbani. Hakuna anayefanya hivyo kwa kupenda mchezo. Mlima umeishinda miguu, na nauli imeushinda mfuko.

Chuma kinachojulikana

Baada ya kuachana na muuza maziwa nilikwenda Mlandege kwa fundi ninayemfahamu, mzee ambaye kibanda chake ni mwamvuli uliopasuka, benchi moja na karai la maji. Alikuwa anaziba pancha. Nimeona kazi hiyo tangu utotoni, na bado siwezi kupita bila kusimama kuitazama.

Gurudumu halitoi. Anaipindua baiskeli miguu juu, anaingiza vipini viwili vya vijiko kati ya rimu na tairi, anaivuta tyubu nje kwa ubavuni kama anayetoa utumbo wa kuku. Anaijaza upepo, anaipitisha kwenye karai pole pole. Mapovu yakitoka anatia alama kwa kucha. Anakausha kwa shati, anakwaruza kwa msasa, anapaka solusheni, anapuliza mpaka ikauke nusu. Kiraka amekikata mapema kutoka kwenye tyubu iliyokufa. Anakibandika, anakigonga kwa mpini wa nyundo, anarudisha tyubu ndani. Dakika zilizopita hazikufika kumi.

Ujuzi ule una historia ndefu. Umbo la baiskeli tunayoijua, magurudumu mawili yaliyolingana na mnyororo unaozungusha la nyuma, lilipata sura yake mwaka 1885 kule Coventry, Uingereza, kwa baiskeli ya Rover ya John Kemp Starley. Miaka miwili baadaye John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa Belfast, akatengeneza tairi la upepo. Kuanzia hapo mabadiliko yamekuwa madogo madogo. Phoenix inayosukumwa Ipogolo leo, yenye breki za vyuma, ni mjukuu wa moja kwa moja wa baiskeli zile.

Sisi wenyewe tuliwahi kuzitengeneza. Wakati wa ujamaa kiwanda cha NABICO jijini Dar es Salaam kilitoa baiskeli zilizoitwa Swala, na wazee wengi bado wanalitaja jina hilo kwa mapenzi. Kiwanda kilikufa lakini mafundi walibaki. Kila kijiji nilichowahi kukanyaga kina mtu mmoja mwenye spana, gololi ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, na spoki zilizofungwa kwa mpira kama kuni. Hakuna chuo kilichowasomesha. Mjomba alimfundisha mpwa, mpwa akamfundisha jirani.

Hiyo ndiyo bima ya baiskeli ya kawaida. Unaponunua Phoenix unanunua pia mtandao mzima wa mafundi kutoka Kigoma mpaka Mtwara, bila kulipa senti ya ziada.

Niliyonunua mimi

Nina sababu yangu ya kulichukulia kwa uzito swali la muuza maziwa. Niliwahi kununua baiskeli ya umeme, iliyotumika kidogo, kwa muuzaji mmoja wa jijini. Niliipenda mno. Nilikuwa nafika kazini shati likiwa kavu, na mlima ambao nilikuwa nauogopa kila jioni ukawa sehemu ya siku yangu inayopendeza. Nilianza kwenda kwa baiskeli mahali ambapo zamani ningepanda daladala.

Jambo hilo la mwisho limeonekana hata kwa watafiti. Uchunguzi uliofanywa katika miji saba ya Ulaya, ukachapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba waendesha baiskeli za umeme walifanya mazoezi ya mwili kwa wiki yanayokaribiana na ya waendesha baiskeli za kawaida, kwa sababu walisafiri masafa marefu zaidi. Anayesema umeme ni wa wavivu akumbuke kwamba mlima mkali humfanya mtu aache kabisa kutoka na baiskeli.

Furaha yangu ilidumu miezi tisa. Asubuhi moja nikabonyeza kitufe, taa ikawaka, nikakanyaga, taa ikazima. Nikajaribu tena, ikazima tena. Chaja ilionyesha rangi ya kijani, kama vile betri imejaa. Nilimpigia muuzaji. Akasema betri imekufa na mpya hana, nisubiri kontena. Nilisubiri miezi mitatu. Kontena lilipofika halikuwa na betri ya aina yangu.

Miezi hiyo mitatu niliendesha kilo 26 za chuma na mota iliyolala. Baiskeli ya umeme isiyo na umeme ni mzigo mara mbili. Kwenye mlima wa Ipogolo nilishuka kama muuza maziwa, nikasukuma, na mimi sikuwa hata na maziwa.

Baadaye nikaelewa kilichotokea. Ndani ya kasha la betri ya voti 36 kuna seli ndogo za lithiamu zilizopangwa katika makundi kumi, moja nyuma ya lingine. Kuna pia kibao cha elektroniki kinachozilinda. Kundi moja likidhoofika, kibao kinazima betri nzima ili isiharibike zaidi. Huenda makundi tisa yangu yalikuwa mazima. Nilikuwa naambiwa nitupe nyumba kwa sababu ya chumba kimoja kinachovuja.

> Huenda makundi tisa kati ya kumi yalikuwa mazima. Nilikuwa naambiwa nitupe nyumba kwa sababu ya chumba kimoja kinachovuja.

Umeme bei chee, betri bei ya ng'ombe

Matangazo ya baiskeli hizi hupenda kuonyesha gharama ya kuchaji, na ni kweli gharama hiyo ni ndogo. Kujaza betri ya wati-saa 360 ni kama shilingi 150, na unakwenda kilomita 30 au zaidi kutegemea mlima, mzigo na miguu yako. Hiyo ni shilingi 5 kwa kilomita. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita moja, tukiichukulia petroli kuwa shilingi 3,000, inakula shilingi 75 kwa kilomita hiyo hiyo.

Kisicholipiwa leo ni betri. Betri nzuri ya lithiamu huvumilia kuchajiwa mara 500 hivi, wakati mwingine hadi 1,000, kabla ya kupungua sana. Tuseme mpya inauzwa shilingi 600,000 na itakupeleka kilomita 30 kila inapojazwa, kwa mara 500. Ni kilomita 15,000. Gawanya, utapata shilingi 40 kwa kila kilomita, mara nane ya umeme wenyewe. Petroli ya baiskeli ya umeme ni betri, ila unainunua lita zote kwa siku moja.

Hata hivyo jumla inabaki chini ya pikipiki. Kwa mwenye biashara inayoingiza hela kila siku, anayepanda mlima mara tatu nne na kuwahi wateja wawili zaidi asubuhi, hesabu inaweza kukubali. Kwa mwanafunzi anayekwenda shule kilomita nne za tambarare haikubali, na mzazi asishawishike.

Kuna na betri za asidi, zile nzito zinazofanana na za pikipiki kubwa. Baiskeli zake huuzwa bei nafuu. Nne za voti 12 zinaweza kufika kilo 16 peke yake, na huchoka mapema kuliko lithiamu. Mwenye mlima asizichukue. Uzito ule ule uliomkimbiza ataukuta chini ya siti.

Na mota zenyewe hazifanani. Nyingi hukaa ndani ya haba, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Ni rahisi na hazichoshi mnyororo, lakini zikipandishwa mlima mrefu kwa mwendo wa kobe na mzigo mzito hupata moto sana. Nyingine hukaa katikati, pale pedeli zinapozungukia, na hutumia gia za baiskeli kama mguu unavyozitumia. Hizo ndizo zinazopanda vizuri. Bei yake iko juu, na mnyororo huisha haraka.

Gia, jambo tunalolisahau

Kabla hujaenda kwenye umeme, kuna njia ya tatu ambayo wauzaji hawaitaji sana kwa sababu haina faida kubwa kwao. Ni gia.

Mrudie muuza maziwa. Akipanda kwa dakika 25 badala ya 15, mlima unamdai wati 82 tu, karibu kabisa na mtaji wake. Kinachomzuia kwenda pole pole ni mwendo wake mmoja: pedeli ngumu haizunguki, baiskeli inayumba, anashuka. Akiwa na gia nyepesi atafika juu akiwa kwenye siti, amechoka lakini hajavunjika. Baiskeli za mitumba zinazotoka Japani huwa mara nyingi na gia tatu ndani ya haba, zimefungiwa humo zisiingie vumbi. Tatizo ni kwamba keria zake nyembamba hazikutengenezwa kwa madumu ya maziwa, na fremu inahitaji kuimarishwa na mchomeleaji.

Fundi wa Mlandege alinionyesha moja aliyomfanyia muuza mboga, mama anayeleta mchicha na figiri kutoka Ndiuka. Ni ya kike, fremu yake imeshuka katikati, kwa hiyo anaipanda na kushuka bila kuhangaika na kanga. Keria imetengenezwa kwa nondo. "Huyu mama hashuki tena mpaka pale juu karibu na mwisho," mzee aliniambia, huku akiizungusha pedeli nisikie gia inavyolia.

Moto ndani ya nyumba

Lipo jambo ambalo halina mzaha. Februari 2024, katika jiji la Nanjing nchini China, moto ulianzia ghorofa ya chini ya jengo la makazi, mahali palipowekwa baiskeli za umeme, ukaua watu 15. New York mwaka 2023 walikufa watu 18 katika mioto iliyosababishwa na betri za lithiamu. Wengi tunachaji vitu sebuleni, usiku, karibu na mlango ambao ndio njia pekee ya kutokea.

Hatari kubwa hutoka kwa betri za kuungaunga na chaja zisizo zake. Chaja ya betri ya voti 36 huishia voti 42. Ya voti 48 huishia 54.6. Kwa macho zinafanana, na plagi wakati mwingine zinaingiliana. Ukiichomeka ya 48 kwenye betri ya 36, unaisukumia umeme usiotakiwa mpaka kibao cha ulinzi kishindwe, na seli ya lithiamu ikishika moto ndoo ya maji haitoshi. Soma maandishi kwenye chaja kabla hujaiazima kwa jirani. Chaji mchana, ukiwepo, mbali na godoro na mbali na mlango. Usiiache juani, usiisahau ikiwa tupu kwa wiki nzima, na usioshe baiskeli kwa pampu ya kuoshea magari.

Hapo ndipo swali la fundi linapokuwa gumu. Ninataka fundi wa mtaani aweze kufungua betri na kubadilisha kundi moja la seli. Nikiwa mkweli, fundi asiyefundishwa akifungua betri hiyo anaweza kuchoma kibanda chake.

Sheria imebaki nyuma

Ujerumani mwaka 2023 ziliuzwa baiskeli za umeme milioni 2.1 kati ya karibu milioni 4 zilizouzwa zote, na kwa mara ya kwanza zikazipita za kawaida. Japani ndiko Yamaha ilikoanza kuuza baiskeli inayosaidia pedeli mwaka 1993. Nchi hizo ziliandika mapema baiskeli ni nini na pikipiki ni nini. Karibu na sisi, Kenya kupitia Sheria ya Fedha ya 2023 iliziweka baiskeli za umeme na betri za lithiamu kwenye VAT ya asilimia sifuri.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, wakati ambapo barabara zetu hazikujua mota ndani ya haba. Mwenye baiskeli yenye pedeli na mota ndogo anastahili kujua mapema, kabla hajatoa hela yake, kwamba anahesabiwa mwendesha baiskeli. Kinyume chake, kile chombo kinachokwenda kilomita 50 kwa saa bila kukanyagwa, kikiwa na pedeli za urembo, ni pikipiki, na kiingie kwenye kundi la pikipiki.

Wapo wanaosema nguvu zote zielekezwe kwenye pikipiki za umeme, kwa kuwa bodaboda ndiyo inayobeba nchi. Wana hoja. Bodaboda hutembea kilomita nyingi kwa siku, na kila lita ya petroli inayookolewa inaonekana mara moja. Ila bajeti ya usafiri isimruke anayetembea kwa baiskeli kwa sababu pikipiki hawezi kuinunua. Huyo ndiye wa chini kabisa barabarani, na ndiye tunayemsahau kila tunapochora barabara.

Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam ilipojengewa mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza mwaka 2016, iliwekewa na njia za baiskeli pembeni. Lilikuwa jambo jema. Pita leo uone bodaboda zilivyoegeshwa humo na meza za biashara zilivyopangwa. Mwenye baiskeli, awe wa umeme au wa miguu, anarudi kwenye lami kugombana na malori. Iringa hata hiyo njia ya kugombaniwa hatuna. Kwenye mlima wa Ipogolo, anayesukuma anatembea kwenye ukingo wa lami, daladala zikipita na kumpuliza vumbi la upande.

Mita ya kuazima

Wiki iliyopita nilirudi Mlandege. Nilikuwa nimeifunga betri yangu iliyokufa kwa gazeti, nikaipakia kwenye keria ya baiskeli ya kawaida niliyoinunua kwa ajili ya kuendea kazini.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito. Akamwita jirani yake, fundi wa redio na simu ambaye wanagawana kivuli. Yule akaja na mita ya kupimia umeme, akafuta mikono kwenye suruali. Nikawaambia nilichosoma juu ya hatari. Wakanisikiliza wote wawili, kisha fundi wa redio akaniomba nirudie zile namba: 42, na ile nyingine, 54.6. Akaziandika kwa chaki kwenye ubao wa kibanda.

Hawakuifungua. Walipima sehemu ya nje tu, wakanionyesha namba. Mita ilionyesha voti 31. "Imeshuka, lakini haijafa," alisema fundi wa redio. Akasema ndani kungekuwa na seli moja inayowavuta wenzake, ila hana kifaa cha kuunganishia seli bila kuzichoma kwa risasi, na joto la risasi hazilivumilii.

Kifaa hicho ni mashine ndogo ya kuchomelea kwa nukta, haizidi ukubwa wa boksi la viatu. Kozi fupi ya kuitumia, pamoja na kinga za moto, ndoo za mchanga na namna ya kupima seli moja moja, inaweza kufundishwa katika vyuo vya VETA vilivyoko mikoani. Kama serikali itasamehe kodi yoyote kwenye baiskeli za umeme, naiomba isamehe pia kwenye seli na mashine hizo, maana kontena la baiskeli mpya bila fundi ni kontena la vyuma chakavu vya miaka mitatu ijayo.

Muuza maziwa alipita wakati tunazungumza, madumu yakiwa matupu, anashuka kurudi bondeni. Alinitambua. Akashika breki za vyuma zikalia, akaweka mguu chini, akatazama betri iliyokuwa juu ya benchi.

"Ndiyo ile?"

"Ndiyo ile."

Akamgeukia mzee. "Baba, wewe unaiweza hii?"

"Bado," mzee akajibu. Akaivuta betri upande wake wa benchi, mbali na jua. "Niachieni mpaka Jumatatu. Nitampeleka huyu kijana wa redio kwa mtu mmoja anayetengeneza betri za sola."